Namna ya Kuoanisha Jelato na Divai Tamu, Hatua kwa Hatua

Divai tamu iliyo bora inaweza kuonekana chachu na nyepesi mara tu inaponywewa baada ya kijiko cha jelato, na aliyeimimina akabaki akidhani kwamba amenunua chupa mbaya. Mara nyingi chupa haina kosa. Kinachoharibu mambo ni vitu viwili vinavyofanya kazi kwa pamoja: baridi, ambayo huutia ulimi ganzi, na sukari ya jelato, ambayo ikishauzoesha ulimi utamu wake huifanya sukari yoyote iliyo pungufu ionekane kama haipo. Kwa sababu hiyo mwongozo huu hauanzi na orodha ya ladha na majina ya divai. Unaanza na baridi, unaendelea na utamu, na ndipo unafika kwenye ladha zenyewe. Anayeshughulikia mambo mawili ya kwanza ipasavyo atakuta kwamba hata jozi ya kubahatisha inamridhisha, na anayeyapuuza hatasaidiwa na chupa ya bei yoyote.

Hatua ya kwanza: Ifahamu jelato iliyo mbele yako

Jelato ni jamaa wa aiskrimu, lakini yale yanayoitofautisha na aiskrimu ndiyo yanayoifanya ipatane na divai kwa urahisi zaidi. Hutengenezwa kwa maziwa mengi na malai kidogo, na kwa hiyo mafuta yake ya maziwa kwa kawaida huwa kati ya asilimia 4 na 9, ilhali sheria ya Marekani, kwa mfano, inataka aiskrimu iwe na asilimia 10 au zaidi. Hukorogwa polepole ndani ya mashine, hivyo hewa inayoingia ni kidogo na kila kijiko huwa kizito chenye ladha iliyokolea. Tena huuzwa ikiwa na baridi ya nyuzi 12 hadi 14 chini ya sifuri, ambayo ni baridi ya wastani ikilinganishwa na nyuzi 18 za friza ya nyumbani. Mafuta yakiwa machache, ulimi haufunikwi na utando mzito, na divai inayofuata huugusa moja kwa moja.

Sukari ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Jelato ya kawaida huwa na takriban gramu 16 hadi 22 za sukari katika kila gramu 100, kwa kuwa sukari haiwekwi kwa ajili ya utamu peke yake: ndiyo inayozuia maji yasigande yote, na ndiyo inayoifanya jelato ikubali kuchotwa badala ya kuwa jiwe la barafu. Kiasi hicho, kikihesabiwa kwa kilo, ni gramu 160 hadi 220, yaani zaidi ya sukari iliyomo katika lita moja ya divai nyingi zinazoitwa tamu. Hatuihisi yote kwa sababu baridi inaificha. Ukitaka kuhakikisha, acha kijiko kimoja kiyeyuke kabisa ndani ya kikombe, kisha kionje kikiwa na joto la chumba, nawe utakutana na utamu unaokinaisha ambao hukuujua kilipokuwa kimeganda. Fundo la jambo zima liko hapo. Utamu wa jelato haukai mahali pamoja, bali hupanda kadiri inavyoyeyuka, na divai iliyolingana nayo kwenye kijiko cha kwanza inaweza kuwa imezidiwa kabisa kufikia kijiko cha mwisho.

Kabla ya kwenda mbele, amua jelato yako ni ya kundi gani. Kuna zile ambazo maziwa ndiyo yanayosikika, kama vile fior di latte (jelato ya maziwa bila kionjo kingine), vanila na stracciatella, ambayo ni fior di latte yenye vipande vyembamba vya chokoleti na ambayo ilibuniwa Bergamo, kaskazini mwa Italia, mwaka 1961. Kuna za njugu na vitu vilivyokaangwa au kuunguzwa kidogo, yaani pistachio, hazelnati, lozi, kahawa, karameli na chokoleti. Kisha kuna za matunda, na humo zitenge sorbeti, ambazo hazina maziwa kabisa na ambazo uchachu wake unasimama wazi bila kitu cha kuupoza.

Hatua ya pili: Tuliza baridi

Katika chembe za ulimi zinazotambua utamu kuna kijia cha protini kiitwacho TRPM5, ambacho hufanya kazi kwa nguvu zaidi joto linapopanda na kwa unyonge linaposhuka. Hii ndiyo sababu soda iliyoachwa mezani huonekana tamu kuliko ile iliyotoka kwenye friji, ingawa sukari ni ileile. Kwa mlaji wa jelato maana yake ni kwamba ulimi uliopozwa kupita kiasi hauwezi kuuthamini utamu wa divai. Unachobaki kuuhisi ni uchachu, ukali wa kileo na ukakasi.

Basi usitoe jelato kwenye friza na kuipakua papo hapo. Ihamishie kwenye friji kwa dakika 10 hadi 15, au iweke mezani kwa dakika 5 hivi ikiwa chombo ni kidogo, halafu ichunguze kwa jicho na kwa mkono badala ya kutegemea saa peke yake. Iliyo tayari huwa imeanza kung'aa kwenye kingo huku katikati ikiwa bado haina mng'ao, na kijiko huzama ndani yake kwa uzito wa mkono bila kusukumwa. Ukikivuta, jelato hujikunja juu ya kijiko kama kitambaa kizito, wala haikatiki kwa mapande. Ikiwa imeshaanza kutengeneza kidimbwi chini ya chombo, umechelewa. Bakuli, kwa upande mwingine, ziwekwe kwenye friji mapema, kwa sababu bakuli yenye joto huyeyusha tabaka la chini na kukuletea ule utamu uliopanda kabla hujafika nusu.

Divai nayo ina kipimo chake, na majina yatakayotajwa hapa yanaelezwa katika hatua ya tatu. Moscato d'Asti na wenzake wenye viputo hupendeza kwenye nyuzi joto 6 hadi 8 za Selsiasi, Sauternes na Tokaji kwenye 10 hadi 12, Vin Santo na Pedro Ximénez kwenye 12 hadi 14, Port iliyokomaa kwenye pipa kwenye 12 hadi 16, na Port nyekundu changa kwenye 16 hadi 18. Ushauri wangu ni kuegemea upande wa juu wa kila kipimo kila unapoandaa jelato. Mdomo umeshapozwa, na divai inapokuja na ujoto kidogo huuamsha ulimi, ikarudisha harufu ambazo baridi ilikuwa imezifungia. Kuna wanaoipoza divai tamu hadi chupa inatoa jasho, wakidhani kwamba vitu viwili baridi vitapatana. Matokeo yake ni kwamba hakuna ladha inayobaki ya kuoanishwa.

Hatua ya tatu: Pima utamu wa divai na ujue umetoka wapi

Kanuni ya msingi katika kuoanisha divai na kitindamlo chochote ni kwamba divai iwe tamu sawa na kitindamlo au kukizidi, na kwa jelato kanuni hii haina msamaha. Hata hivyo lebo nyingi hazitaji gramu za sukari, na neno "tamu" hutumika kwa divai zinazotofautiana mno. Njia iliyo salama ni kujua sukari ile ilibakishwaje ndani ya divai, maana kila njia huacha kiasi chake cha utamu na alama yake ya ladha.

Njia ya kwanza ni kusimamisha uchachukaji mapema. Zabibu za Moscato katika jimbo la Piemonte nchini Italia huchachushwa ndani ya matangi yaliyofungwa, kisha hupozwa ili chachu, yaani hamira inayochachusha, isinzie kabla haijala sukari yote, na ndivyo Moscato d'Asti inavyopatikana ikiwa na kileo cha asilimia 5 hivi, viputo laini, na harufu ya pichi na maua. Sukari yake hukaribia au kuzidi kidogo gramu 100 kwa lita, lakini wepesi wake huifanya ionekane nyepesi kuliko namba hiyo. Haiwezi kubeba jelato ya chokoleti hata kidogo.

Njia ya pili ni kuongeza pombe kali. Katika bonde la mto Douro nchini Ureno, mtengenezaji wa Port humimina pombe ya zabibu yenye nguvu ya asilimia 77 hivi ndani ya juisi inayochachuka. Chachu hufa, na sukari ambayo haijaliwa hubaki. Divai inayotokana na kazi hiyo huwa na kileo cha asilimia 19 hadi 22 na sukari ya karibu gramu 100 kwa lita. Banyuls na Maury za kusini mwa Ufaransa hutengenezwa kwa mantiki hiyohiyo, zikiwa na nguvu kidogo pungufu. Kileo hiki ni msaada mkubwa kwa mlaji wa jelato, kwa sababu hupasha mdomo joto na kufagia mafuta ya maziwa. Madeira huingia katika kundi hili pia, lakini yenyewe hupitishwa kwenye joto kwa muda mrefu hadi ikapata ladha ya karameli na njugu za kukaangwa, huku ikiutunza uchachu mkali unaoizuia isikinaishe.

Njia ya tatu ni kukausha zabibu kabla ya kuzikamua. Katika kisiwa cha Pantelleria, kilichoko kati ya Sicily na Tunisia, zabibu za Zibibbo huanikwa juani, na mizabibu yenyewe hupandwa ndani ya vishimo na kukatwa ifupike ili upepo usiivunje. Mwaka 2014 UNESCO iliuingiza ukulima huo katika orodha yake ya turathi zisizoshikika. Passito ya kisiwa hiki ina ladha ya aprikoti kavu, tini, asali na ganda la chungwa. Huko Toscana zabibu za Vin Santo hukaushwa ndani ya vyumba vyenye hewa, na juisi yake hukaa ndani ya vipipa vidogo kwa miaka mitatu au zaidi. Uwe makini na Vin Santo, kwa kuwa nyingine huwa kavu, yaani zisizo na utamu, karibu kabisa, na hizo hazifai hapa. Kilele cha kundi hili ni Pedro Ximénez ya Jerez nchini Uhispania, ambayo kwa kanuni haipungui gramu 212 za sukari kwa lita, na nyingi hukaribia 400. Ni nyeusi, hutiririka kwa uzito wa sharubati, na ina ladha ya zabibu kavu, tende na molasi.

Njia ya nne ni ya kuvu. Katika eneo la Sauternes, karibu na Bordeaux, maji baridi ya mto Ciron hukutana na maji yenye uvuguvugu ya Garonne, na asubuhi za vuli ukungu hutanda juu ya mashamba. Unyevu huo huotesha kuvu aitwaye Botrytis cinerea, ambaye hutoboa ngozi ya zabibu na kuyaacha maji yatoke juani wakati wa mchana, hata punje ikabaki na sukari na uchachu uliokolea. Sauternes huwa na gramu 120 hadi 150 kwa lita au zaidi, pamoja na ladha ya asali, aprikoti na zafarani. Tokaji Aszú ya Hungaria, ambayo tangu kanuni za 2013 haiwezi kuwa na chini ya gramu 120, ina uchachu mkali zaidi, na kwa maoni yangu uchachu huo unaifanya iwe rafiki wa jelato kuliko Sauternes, ingawa Sauternes ndiyo yenye jina kubwa.

Njia ya tano, ya kuvuna zabibu zikiwa zimeganda kwenye mzabibu, huzaa divai ya barafu. Ujerumani hutaka baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri kabla ya kuvuna, na Kanada hutaka nyuzi 8. Utamu na uchachu huwa vyote juu.

Hatua ya nne: Onja kwa mpangilio kabla hujawapakulia wageni

Chukua kijiko kimoja cha jelato, kiache kiyeyuke mdomoni na ukimeze. Ngoja pumzi mbili au tatu, kunywa divai kidogo na uizungushe mdomoni, kisha rudi kwenye jelato. Onjo la pili la jelato ndilo lenye hukumu. Divai ikiwa imegeuka chachu au yenye maji, haina sukari ya kutosha. Jelato ikiwa imepoteza jina lake, yaani huwezi tena kusema kama ni ya pistachio au ya vanila, basi divai ina nguvu kupita kiasi. Jozi iliyofanikiwa huonekana pale ambapo kijiko cha pili kina kitu ambacho cha kwanza hakikuwa nacho. Ukifika hapo, rudia onjo lilelile baada ya dakika 5, jelato ikiwa imelainika, kwa sababu wageni wako hawatakula kwa kasi moja.

Hatua ya tano: Chagua jozi

Anza na fior di latte au vanila ikiwa hujawahi kuoanisha, kwani maziwa hayabishani na divai. Hapa Pedro Ximénez haina mpinzani, na Wahispania wengi huimimina moja kwa moja juu ya vanila. Fanya hivyo kwa kijiko kimoja au viwili vya divai kwa kila tonge, usizidishe, maana kileo hushusha kiwango cha kuganda na jelato itayeyuka haraka kuliko unavyotarajia. Mimina polepole na utazame: divai nyeusi huteremka kwenye mabonde ya jelato, hunata pembeni, na pale inapogusana na maziwa hutengeneza ukanda wa rangi ya kahawa ya maziwa. Chota ukanda huo. Utapata zabibu kavu na tende kwanza, kisha malai, na mwisho joto dogo la kileo kooni linaloondoa baridi yote. Stracciatella hukubali divai hiyohiyo, au Port iliyokomaa kwenye pipa ukitaka kitu chepesi zaidi.

Pistachio inastahili uangalifu kwa sababu ladha yake ni ya mzunguko mdogo: ina mafuta ya njugu, chumvi ya mbali na ujani kidogo, na divai nzito huufuta ujani huo mara moja. Passito ya Pantelleria ndiyo chaguo langu la kwanza. Aprikoti na ganda la chungwa lililomo ndani yake hukaa juu ya njugu bila kuifunika, na asali yake hujaza pale ambapo pistachio huishia mapema. Jambo moja la kutazama ni rangi. Jelato ya pistachio halisi huwa ya kijani kilichofifia kinachoelekea kahawia, na ile ya kijani cha kung'aa aghalabu imetiwa rangi na harufu ya lozi chungu. Ukikuta unayo hii ya pili, ihesabu kuwa ni ya lozi na uinywee Vin Santo tamu.

Hazelnati na lozi ni rahisi zaidi. Port iliyozeeka ndani ya pipa miaka 10 au 20 hupoteza wekundu wake na kupata ladha ya njugu, karameli na matunda makavu, kwa hiyo mlo na kinywaji huzungumza lugha moja. Ya miaka 10 inatosha. Ya miaka 20 ni bora peke yake glasini kuliko ikiwa imeketi kando ya kitu baridi, nami sioni sababu ya kuitumia hapa.

Chokoleti ndiyo huwaangusha wengi. Wao hufikiria divai nyekundu, jambo ambalo si kosa, lakini huchukua divai nyekundu kavu, na ukakasi wa divai hukutana na uchungu wa kakao huku baridi ikivizidisha vyote viwili. Nyekundu inayotakiwa ni tamu: Banyuls au Maury, ambazo hutengenezwa kwa zabibu za Grenache na zina ladha ya matunda meusi na kakao ya mbali, Port changa nyekundu kwa chokoleti nyeusi sana, au Recioto della Valpolicella, ambayo zabibu zake hukaushwa kwa miezi kadhaa kabla ya kukamuliwa. Angalia lebo, maana Amarone hutoka eneo hilohilo na kwa zabibu zilezile zilizokaushwa, lakini ni kavu. Kwa chokoleti ya maziwa au gianduia, ambayo ni chokoleti na hazelnati kwa mtindo wa Torino, rudi kwenye Port ya pipa. Na chokoleti ikiwa na kipande cha rasiberi au cheri, Brachetto d'Acqui, nyekundu yenye viputo na harufu ya waridi na stroberi, huleta wepesi unaoshangaza.

Kahawa na karameli hutaka divai yenye ladha ya kuunguzwa kidogo ndani yake. Madeira tamu ya aina ya Malmsey au Bual inafaa sana, na kwa karameli yenye chumvi uchachu wake ni nusu ya kazi. Muscat za Rutherglen nchini Australia, ambazo huzeeka kwenye mapipa ndani ya mabanda yenye joto, hufanya kazi hiyohiyo kwa utamu mkubwa zaidi. Kwa jelato ya zabaione hakuna haja ya kutafuta: yenyewe hutengenezwa kwa viini vya mayai, sukari na Marsala, divai ya Sicily, basi ipe Marsala tamu na usonge mbele. Ile ya zabibu kavu na ramu ipe Pedro Ximénez.

Kwa matunda, fuata rangi na uchachu. Stroberi hupatana na Brachetto kuliko na divai yoyote nyingine. Pichi na pea hupendeza na Moscato d'Asti, kwa kuwa harufu zao zinafanana. Embe, nanasi na pasheni hutaka divai yenye sukari na uchachu pamoja, na hapo Tokaji Aszú au divai ya barafu ya zabibu za Riesling hung'ara, wakati Sauternes hutosheka na embe lililoiva sana lisilo na uchachu mwingi. Nazi ni ya maziwa zaidi kuliko ya tunda, na hupatana na Muscat de Beaumes-de-Venise ya Ufaransa.

Sorbeti ya limau ni ngumu, na ni afadhali kulisema hilo waziwazi kuliko kutaja chupa ambayo itakuangusha. Uchachu wake huzidi wa divai karibu zote, na divai huonekana kama maji ya sukari. Divai ya barafu huhimili kwa kiasi. Njia iliyo bora ni ya watu wa Venezia, ambao huipiga sorbeti ya limau pamoja na divai yenye viputo na tone la vodka hadi iwe kinywaji kiitwacho sgroppino. Mnanaa nao uache bila divai, kwa sababu mentholi huamsha vipokezi vya baridi mdomoni na kuendelea kuvichokoza muda mrefu baada ya kumeza. Pilipili na urukususu (mzizi mtamu uitwao liquorice kwa Kiingereza) navyo hung'ang'ania mdomoni.

Hatua ya sita: Pakua na umimine

Matonge mawili madogo, yaani gramu 80 hadi 100 kwa jumla, na divai ya mililita 60 vinatosha mtu mmoja. Chupa nusu ya mililita 375, ambayo ndiyo saizi ya divai nyingi za aina hii, hivyo huwatosha watu sita. Moscato na Brachetto zinaweza kumiminwa mara mbili ya kiasi hicho, kwa kuwa kileo chake ni kidogo. Tumia glasi ndogo yenye tumbo na mdomo uliobana kidogo, na usiijaze zaidi ya theluthi, ili harufu ipate nafasi ya kukusanyika.

Weka mezani biskuti kavu ya lozi au kaki isiyo na sukari nyingi. Kuitafuna kati ya kijiko na divai hukausha ulimi na kuupasha joto, na jozi iliyokuwa ikiyumba mara nyingi hutulia kwa hatua hii peke yake. Maji ya kunywa yawe ya kawaida, yasiwe ya barafu. Ikiwa unaandaa jozi zaidi ya moja, zisizidi tatu, na zipange kutoka nyepesi kwenda nzito: matunda na Moscato au Brachetto, kisha njugu na Passito, na mwisho chokoleti na Banyuls au Port. Ukianza na Pedro Ximénez, hakuna divai itakayosikika baada yake.

Hatua ya saba: Rekebisha kinachoyumba

Divai ikionekana chachu mezani, usikimbilie kufungua chupa nyingine. Nyunyiza chembe chache za chumvi juu ya jelato, hasa ya chokoleti, karameli au njugu. Chumvi hupunguza uchungu na kuipa divai nafasi. Ikishindikana, mimina divai yenyewe kidogo juu ya jelato ili utamu wa pande zote mbili ukaribiane. Divai ikionekana nzito na ya kunata, ipoze kwa dakika chache kwenye chombo chenye maji na barafu. Kileo kikichoma, ongeza njugu zilizokaangwa juu ya tonge, kwani mafuta yake hukilainisha. Na jelato ikiwa tamu kupita divai zote ulizo nazo, kijiko cha malai yaliyopigwa bila sukari kitaiteremsha kuliko divai yoyote itakavyoweza kuipanda.

Hatua ya nane: Tunza kilichobaki

Moscato na Brachetto zimalizwe siku ileile au kesho yake, kabla viputo havijaisha. Sauternes na Tokaji hukaa kama wiki moja kwenye friji zikiwa zimezibwa vizuri. Port nyekundu changa hukaa wiki moja au mbili, Port ya pipa karibu mwezi, na Pedro Ximénez mwezi mmoja hadi miwili, kwa kuwa zimeshazoeshwa hewa ndani ya mapipa au zinalindwa na sukari. Madeira hudumu kwa miezi mingi bila kuharibika, na ndiyo maana, kwa mtu anayetaka kuwa na chupa moja tu ya kuanzia, mimi humshauri anunue Madeira tamu. Chupa zote zisimamishwe wima zikishafunguliwa.

Jelato iliyolainika usiirudishe kwenye friza ukitarajia kuila tena kama ilivyokuwa. Maji yaliyoyeyuka huganda upya yakiwa mapande makubwa ya barafu, na hewa kidogo iliyokuwemo huwa imetoka. Ni heri kupakua kwa awamu ndogo, chombo kikuu kikirudi kwenye baridi mara tu matonge yakishatoka, na ile iliyokwisha kuyeyuka kabisa uitumie siku hiyohiyo kama mchuzi wa keki au wa matunda.